Kitako cha Debe

Mtu akitaja debe katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, maana yake hutegemea mahali aliposimama. Akiwa Soko la Mutindwa, Umoja, anazungumzia mahindi na maharagwe. Akiwa Muthurwa, katikati ya moshi wa matatu, anazungumzia kijana mwenye sauti iliyokauka anayepiga ubavu wa gari kwa kiganja akiita abiria. Akiwa Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, anazungumzia bati. Na mwaka wa uchaguzi ukifika, debe ni kura: wagombea humenyana debeni, na wafuasi wao huwapigia debe kuanzia Makadara hadi Dandora. Watu ni walewale. Mama aliyenunua maharagwe asubuhi hupanda jioni gari lililojazwa na mpiga debe, na kila baada ya miaka 5 huamka alfajiri kupanga foleni ya kura.

Madebe yote haya yana jambo moja. Kila moja lina mtu anayelijaza na mtu anayetazama likijazwa. Anayejaza akiwa na nguvu kuliko anayetazama, kitako cha debe huanza kupanda. Wakenya wamelipigania debe la kura kwa zaidi ya miaka 60, wengine wakafungwa na wengine wakapoteza maisha, hadi likawa sanduku la plastiki inayoonyesha kilichomo. Debe la sokoni, linaloamua kama sufuria ya jioni itawatosha watoto, halijapata mtetezi. Hilo ni kosa, na ni kosa linaloweza kurekebishwa.

Debe lilikuja na mafuta ya taa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za mafuta, Standard Oil ya Marekani ikiwa miongoni mwa kubwa zaidi, zilisafirisha mafuta hayo hadi Asia na Afrika katika makopo ya bati ya pembe nne, mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Mmarekani alihesabu kila kopo kuwa galoni 5. Mwingereza alilihesabu kopo hilohilo kuwa galoni 4 na kidogo. Wote wawili walisema kweli. Galoni ya Marekani, ambayo ni takriban lita 3.79, ilitokana na galoni ya kupimia mvinyo iliyowekwa na sheria ya Uingereza mwaka 1707. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1824, wakajitungia nyingine kubwa ya takriban lita 4.55, na hiyo ndiyo iliyofika Kenya pamoja na utawala wao. Kwa hiyo kipimo hiki kiliteremka bandarini kikiwa tayari na hesabu mbili, na mazoea ya watu ndiyo yaliyokifanya kimoja: debe ni kama lita 18, basi.

Mafuta yalipoisha, bati lilibaki. Nairobi ya wakoloni haikuwa na haraka ya kuwajengea Waafrika, kwa hiyo waliojijengea walitumia walichopata. Madebe yalipasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa misumari juu ya kuta za udongo. Nyumba nyingi za Majengo, Pumwani, ziliezekwa hivyo. Hapo Kamukunji na Shauri Moyo mafundi waliyageuza kuwa koroboi, karai, majiko na masanduku ambayo vizazi vya wanafunzi vilibebea vitabu na sabuni kwenda shule za bweni. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake maarufu kuhusu ajira Kenya mwaka 1972, lilisisitiza kwamba watu wa aina hii si wavivu wanaosubiri kazi za ofisini bali ni wazalishaji. Miaka ya mwanzo ya 1980, mikono hiyohiyo ya Shauri Moyo ndiyo iliyotengeneza jiko la bati lenye kigae ndani, ambalo leo liko katika nyumba nyingi zinazotumia makaa. Kwa fundi, debe halikuwa kipimo cha kitu chochote. Lilikuwa mali ghafi, na ujuzi wa kuligonga ulipita kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi bila cheti.

Ujuzi huohuo wa kugonga bati ndio ulioingia sokoni kwa mlango wa nyuma.

Debe zima la nafaka ni la mwenye nafasi. Wengi wa Kayole, Korogocho na Mathare hununua kwa gorogoro, kwa kasuku, kwa nusu, kwa kikombe. Gorogoro ni mkebe uliokuwa na kilo 2 za mafuta ya kupikia. Kasuku ni mkebe uliochukua jina la ndege aliyechorwa ubavuni. Vipimo hivi ni vya watu wanaopata pesa leo na kuzitumia leo, na vina historia nzito kuliko vinavyoonekana. Wanahistoria David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha 1989 kuhusu Siaya, waliitazama gorogoro kama alama ya zama ambapo familia za wakulima zililazimika kununua mahindi kwa mkebe badala ya kuyatoa ghalani kwao. Watoto wa familia hizo ndio waliojaza Kariobangi na Dandora, na mkebe ukawafuata mjini.

Tazama mikono ya muuzaji wa Mutindwa wakati wa jioni, watu wanaposhuka magari. Mkono wa kulia unachota kwa mkebe wenyewe, wa kushoto unasukuma punje kuelekea mdomoni. Mkebe unainuka, kilele kinasimama, punje kadhaa zinateremka zikirudi guniani. Mteja anasema, "Mama, hebu tikisa kidogo." Muuzaji anaugonga mkebe mara moja kwenye magunia, kilele kinazama, anaongeza kiganja kimoja. Halafu, mkebe ukishamwagwa mfukoni, anachota ngumi moja ya ziada na kuirusha juu ya hizo nyingine bila kuombwa. Yote haya huchukua muda mfupi kuliko kuhesabu chenji. Ndani ya muda huo pande mbili zimepatana kuhusu ujazo, bei, heshima na uwezekano wa mteja kurudi kesho.

Ombi la kutikisa si ushamba. Wanaochunguza jinsi vitu vidogo vinavyojipanga wamepima jambo hili kwa gololi: zikimwagwa tu ndani ya chombo hujaza takriban asilimia 60 ya nafasi, na chombo kikitikiswa vizuri hufika asilimia 64 hivi. Mahindi si mviringo kamili kama gololi, lakini hufuata tabia hiyohiyo. Katika mkebe wa lita 2 na kidogo, tofauti ya kutikisa na kutotikisa inaweza kufika nusu kikombe cha chai. Mteja anayesema "tikisa" anadai haki yake kwa lugha ya fizikia, hata kama hakuisoma.

Kilele nacho kina sababu. Wauzaji na wanunuzi wengi huichukulia gorogoro kuwa kilo 2 kwa kuwa mkebe uliandikwa kilo 2. Lakini hizo zilikuwa kilo za mafuta. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa takriban gramu 900; lita moja ya mahindi makavu, pamoja na hewa iliyo kati ya punje, haifiki gramu 800. Mkebe uliojazwa mafuta ya kilo 2 ukisawazishwa kwa kijiti hautoi kilo 2 za mahindi. Kilele ndicho kinachofidia. Anayefuta kilele hicho amepunguza chakula, ingawa mkebe wake ni mzima na hauna hila yoyote. Hesabu ni hiyohiyo kwa debe zima: la lita 18, likisawazishwa, huchukua kilo 13 au 14 za mahindi makavu, likiwa na kilele hukaribia 15. Ndiyo maana madebe sita yenye kilele hufanya gunia la kilo 90, gunia ambalo nalo ni mabaki ya ratili 200 za enzi za ukoloni, zikageuzwa kuwa kilo bila gunia lenyewe kubadilika.

Sasa kitako. Fundi hukigonga kwa nje kikaingia ndani. Jicho la mteja halikioni kwa sababu kimefunikwa na nafaka. Kitako cha upana wa sentimita 14 kikiinuliwa kwa wastani wa sentimita 1 tu, mkebe hupoteza takriban mililita 150, yaani zaidi ya gramu 100 za mahindi kila unapojazwa. Nyumba inayonunua gorogoro 3 kwa wiki hupoteza kwa mwaka zaidi ya kilo 15. Ubavu ukibonyezwa kidogo, au karatasi ngumu ikitandikwa chini, hasara huongezeka. Hakuna anayekuja kuripoti kituo cha polisi gramu 100 za mahindi, na hapo ndipo nguvu ya wizi huu ilipo: umegawanywa vipande vidogo visivyostahili ugomvi, kisha ukatozwa watu wasio na cha kupoteza.

Ni rahisi kumlaumu mama wa sokoni, na ni kumwonea. Yeye mwenyewe amepimiwa. Ananunua gunia Nyamakima au kutoka kwa lori lililotoka Bonde la Ufa, na mara nyingi gunia hilo halipiti kwenye mizani mbele yake. Mahindi yakiwa na unyevu, uzito aliolipia utakauka ukiwa kwenye kibanda chake. Wakulima wa viazi wa Nyandarua na Meru wanaijua hadithi hii kutoka upande wa pili: kwa miaka mingi walilazimishwa kujaza gunia lililoongezewa kilemba cha wavu juu, likaitwa mukurino, na wakalipwa bei ya gunia la kawaida. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliagiza gunia lisizidi kilo 50. Tanzania wamepambana na ndugu yake, lumbesa, kwa muda mrefu vilevile. Kote huko, mwenye haraka ya kuuza kabla mazao hayajaoza ndiye anayefuata kipimo cha mwenzake.

Mapambano haya ni ya zamani na ya dunia nzima. Mwanahistoria wa Poland, Witold Kula, alieleza jinsi mabwana wa Ulaya walivyotaka kodi ya nafaka ipimwe kwa kilele na kumwagwa kutoka juu ili ishindiliwe, ilhali walipouza walitaka kijiti kisawazishe. Vyombo vilikuwa na majina yaleyale kijiji baada ya kijiji, ujazo ukawa tofauti. Wakulima wa Ufaransa walipoandika malalamiko yao mwaka 1789, vipimo vya mabwana vilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyalilia. Uingereza ilisubiri hadi mwaka 1835 kupiga marufuku upimaji wa kilele. Mteja wa Mutindwa anayekodolea macho mkono wa kushoto wa muuzaji yuko katika kesi ambayo Ulaya iliisikiliza kwa karne nyingi.

Wala kupima kwa ujazo si aibu kwenyewe. Waislamu wa Pumwani, wanaoswali Msikiti wa Riyadha, hutoa zakatul-fitri kila mwisho wa Ramadhani kwa pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, na pishi ni vibaba vinne. Kipimo hicho asili yake ni viganja viwili vilivyounganishwa, na kimewafaa waumini kwa zaidi ya miaka 1,400. Kinafaa kwa sababu anayepima anaamini kwamba yuko mbele ya Mungu, na Kurani ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Kibaba hakimdhulumu mtu. Kinachodhulumu ni kukosekana kwa anayetazama.

Kwenye mashamba ya kahawa, upande wa Kiambu, debe hugeuka tena. Mchumaji hulipwa kwa debe, tangu enzi za walowezi hadi leo katika mashamba mengi. Hapo anayepokea debe ndiye tajiri, kwa hiyo kilele hakiombwi, kinaamriwa. Nyapara akisema halijajaa, halijajaa, na mwanamke aliyechuma tangu alfajiri huongeza buni ambazo hazitaingia kwenye hesabu yake. Sokoni muuzaji anapenda debe dogo, shambani mwajiri anapenda debe kubwa, na mtu yuleyule maskini anaweza kupunjwa mara mbili na chombo kimoja: akikijaza kwa jasho na akikinunua kwa mshahara wake.

Maji yamepona ugomvi huu kwa kiasi fulani, na inafaa kuona kwa nini. Zamani yalibebwa kwa madebe. Siku hizi mabomba yakikauka Kayole au Umoja, maji huja kwa mkokoteni katika mitungi ya plastiki ya lita 20. Umbo la mtungi huo lilitokana na kopo la jeshi la Ujerumani la miaka ya 1930. Waingereza waliliiga wakati wa Vita Vikuu vya Pili baada ya makopo yao membamba ya galoni 4, ndugu kabisa wa debe, kuvuja petroli ovyo katika jangwa la Afrika Kaskazini. Mnunuzi wa maji analalamikia bei, na analalamikia usafi, na ana haki kwa yote mawili. Ujazo haulalamikii sana. Mitungi imetoka kiwandani ikiwa na kipimo kimoja, na mara nyingi uliojazwa ni mtungi wake mwenyewe.

Tuvuke barabara hadi stejini. Kupiga debe kulianza kama kelele ya kuvuta watu, na kwa matatu debe likawa gari lenyewe. Kazi ya mpiga debe ni kulijaza. Hulipwa kwa kila gari lililoondoka na abiria, kwa hiyo muda wake ni pesa na muda wa abiria si hoja yake. Kabla ya Februari 2004 watu walisema matatu haijai, na ilikuwa kweli: daima palikuwa na nafasi ya mwingine, aning'inie mlangoni au akalie mapaja ya mtu. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwezi huo, kujaa kulianza kuwa na maana. Kwa matatu ndogo, abiria 14, kila mmoja na mkanda wake, mstari wa manjano ubavuni, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Utekelezaji umelegea na kukazwa mara nyingi tangu hapo, lakini abiria wa Buruburu aliyepanda matatu ya njia ya 58 alipata kitu ambacho mnunuzi wa mahindi hana: idadi iliyoandikwa mahali anapoweza kuisoma na kuidai.

Hata hivyo stejini nako kuna kitako cha uongo. Abiria mgeni huingia gari lililo karibu kujaa, akifikiri litaondoka mara moja. Anakaa. Mara wanne watano waliokuwa wameketi kwa utulivu, mmoja akiwa na gazeti, wanashuka mmoja mmoja na kuingia gari linalofuata. Walikuwa wamekodiwa wakae. Gari lililoonekana limejaa lilikuwa na nafasi iliyofunikwa na watu, sawa na mkebe uliofunikwa na punje. Vijana wanaofanya kazi hii hawana kazi nyingine, na hilo ni suala la kulizungumza kwa heshima, lakini muda wanaouchukua ni wa mlinzi anayechelewa zamu na wa mama aliyemwacha mtoto na jirani.

Debe la kura lina hadithi ndefu zaidi ya kupunjwa, na Eastlands imekuwa katikati yake. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, mpango uliobeba jina la Walter Coutts ulimpa mpiga kura mmoja kura 1, mwingine 2, mwingine hata 3, kulingana na elimu, kipato, mali, umri na utumishi wake. Wengi hawakupewa hata moja. Tom Mboya alishinda kiti cha Nairobi kwa kipimo hicho kilichopinda, na kutoka hapo akadai kipimo kilichonyooka: mtu mmoja, kura moja.

Miaka 31 baadaye debe liliwekwa kando. Katika mchujo wa chama tawala, KANU, wa 1988 wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya mawakala wa wagombea, hadharani, mwajiri na chifu wakiona nani kasimama wapi. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila uchaguzi wa siri. Ingedhaniwa kwamba hakuna kipimo kilicho wazi kuliko foleni ya watu mchana kweupe, na bado wenye foleni fupi walitangazwa washindi, kwa kuwa watu walipotawanyika hapakubaki chochote cha kuhesabu upya. Hasira ya mlolongo ilichangia kuwaleta watu kwenye mkutano wa kudai vyama vingi Uwanja wa Kamukunji mnamo Julai 7, 1990, umbali mfupi tu kutoka kwa mafundi wa bati. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano huo, walikuwa wamekwisha kukamatwa. Watu walikuja hata hivyo, polisi wakawatawanya kwa nguvu, na damu ikamwagika.

Kilichofuata ni kazi ya polepole ya kunyoosha kitako. Desemba 1992 vyama vingi vilirudi debeni. Mwaka 2002 kura zilianza kuhesabiwa kituoni, badala ya masanduku kusafirishwa usiku hadi kwenye kumbi za mbali. Masanduku ya leo yanaonyesha kilichomo, yana lakiri zenye nambari, na vifuniko vyake vina rangi tofauti kwa viti 6. Mawakala wa vyama hutazama karatasi moja moja ikiinuliwa. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa sababu ya jinsi matokeo yalivyopitishwa. Agosti 2022 Tume ya Uchaguzi iliweka fomu 34A za vituo 46,229 mahali ambapo mwenye simu yeyote angeweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Migogoro haikuisha. Ila leo mwenye shaka ana karatasi ya kushika.

Nchi iliyoweza kufanya hayo kwa chombo kinachojazwa mara moja kwa miaka 5 haina kisingizio kwa mkebe unaojazwa mara elfu kwa siku. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, ipo tangu zamani, na inataka vifaa vya kupimia vya biashara vikaguliwe na kugongwa muhuri. Wakaguzi huonekana kwenye pampu za petroli na mizani za buchari. Mkebe wa gorogoro hukwepa kwa sababu machoni pa sheria hauhesabiki, na machoni pa watu ndio kipimo kikuu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na anachonunua, na jedwali lake la nne limezikabidhi kaunti masoko na biashara ya haki. Mahindi ya Korogocho yamo ndani ya maneno hayo.

Wako watakaosema dawa ni kulazimisha kila kibanda kiwe na mizani ya kilo. Nia ni njema, njia ni mbaya. Mizani hugharimu, huharibika, nayo pia huweza kuchezewa. Na amri kama hiyo ikikabidhiwa kanjo, yaani askari wa kaunti, itakuwa sababu mpya ya kunyang'anya bidhaa na kudai hongo, kisha mikebe itarudi kesho yake ikiwa na vitako vilevile. Mama wa sokoni ana haki ya kufanya biashara kwa kipimo ambacho yeye na wateja wake wanakielewa. Kinachohitajika ni kukifanya kipimo hicho kiwe cha kweli.

Kaunti ya Nairobi inaweza kuagiza gorogoro, nusu na robo kutoka kwa mafundi wa Kamukunji, wanaojua kuliko yeyote jinsi bati linavyogongwa na jinsi hila inavyofichwa ndani yake. Chombo kiwe na kitako bapa na mdomo mpana, ujazo wake uandikwe kwa lita, kimo kiwe kimeongezwa kiasi cha kubeba kile ambacho sasa hubebwa na kilele, na muhuri wa mkaguzi ugongwe kitakoni kabisa, mahali ambapo nyundo ikipita utaharibika na kila mtu ataona. Muuzaji akichukue kwa kurudisha mkebe wake wa zamani, bila kulipa na bila kushtakiwa. Glasi za bia za Uingereza zina alama rasmi ya kipimo kwa sababu hiyohiyo, na hakuna mnywaji anayebeba mizani kwenda baa.

Pamoja na mikebe hiyo, kila soko linahitaji mizani moja ya umma iliyo wazi, karibu na lango, isiyo na karani wa kuombwa na isiyo na malipo, ili mnunuzi anayetilia shaka aweke mfuko wake juu na kusoma. Ubao kando yake uonyeshe gorogoro iliyojaa ina uzito gani kwa mahindi, maharagwe, ndengu na mchele, maana kila nafaka ina uzito wake. Wafanyabiashara wa Mutindwa, Gikomba, Korogocho na Kayole hulipa ada ya soko kwa kaunti, na wana haki ya kuona fedha hizo zikirudi kwa umbo la kitu kinachowalinda: muuzaji mwaminifu leo hushindana na mwenye kitako kilichopanda, na ndiye anayeonekana ghali. Wawakilishi wa wadi waliopigiwa debe katika masoko hayo mwaka 2022 wanaweza kupeleka hoja hii katika bunge la kaunti kabla ya bajeti ijayo kusomwa, na wapiga kura wao wanaweza kuwauliza bei ya mkebe mmoja wa Kamukunji ni kiasi gani.